Kuandaa mkono wa mtoto kwa alfabeti: maswali ya wazazi wa Bukavu

Maswali haya tunaulizwa na wazazi wa Kadutu, Ibanda na Bagira wanapoleta watoto wao matenele, yaani shule ya chekechea, mwezi wa tisa, na tena mwezi wa sita wanapojiuliza kama mtoto yuko tayari kwa mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Tumeyajibu kwa kirefu pale ambapo tunaona watoto wanaumia bila sababu.

Mtoto wangu ana miaka mitatu. Wa jirani anaandika A mpaka Z. Wangu amechelewa?

Hapana, mama. Mkono wa mtoto una ratiba yake. Karibu na miaka miwili anaweza kuiga mstari wa kusimama, kisha mstari wa kulala. Karibu na miaka mitatu anafunga mduara. Msalaba unakuja karibu na miaka minne, mraba baada ya hapo, na pembetatu karibu na miaka mitano. Watoto wanatofautiana kwa miezi kadhaa, lakini mpangilio ni huo, na mistari ya mshazari ndiyo inayochelewa zaidi. Sasa itazame herufi kubwa A: ni mishazari miwili inayokutana juu, na mstari wa kulala katikati. Ndiyo ya kwanza katika alfabeti, na ni ngumu kwa mtoto ambaye msalaba bado haujamtoka vizuri.

Tena mifupa yenyewe haijakomaa. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa minane midogo. Mtoto anazaliwa ikiwa bado gegedu, na inakomaa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi. Mtoto wa miaka mitatu anayelazimishwa kujaza ukurasa wa herufi anabana kreyo (kalamu ya risasi) kwa nguvu zote, anainua bega, anazuia pumzi. Herufi anaweza kuzitoa. Lakini anajizoeza kushika vibaya, na kurekebisha mshiko uliokwisha kukaa ni kazi ngumu kuliko kufundisha mshiko mzuri tangu mwanzo.

Basi kuandika kunaanzia wapi?

Kunaanzia begani. Mwili wa mtoto unajipanga kutoka katikati kwenda nje: kwanza shingo na mgongo, kisha bega, kiwiko, kifundo, na vidole mwisho. Mtoto anayeanguka juu ya meza kila anapoandika, au anayeegemeza kichwa kwenye mkono wa pili, mara nyingi hana tatizo la vidole. Mgongo na mabega yake yamechoka. Watoto wetu wanaopanda na kushuka vilima hivi, wanaobeba kabidoni kadogo ka maji, wanaotambaa chini ya meza wakicheza, wako tayari katika somo hilo.

Kuchora ukutani ni dawa nzuri. Kubandika karatasi au kibao kwenye ukuta kwa urefu wa macho ya mtoto kunamfanya akunje kifundo kuelekea nyuma, na huo ndio mkao ambao vidole vinafanya kazi vizuri. Kama huna karatasi, mpe kitambaa chenye maji achore kwenye ukuta wa saruji wakati wa jua. Mstari unakauka, anaanza upya, na hakuna kilichochafuka.

Hatuna pesa ya michezo ya shule. Tutumie nini nyumbani?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu nyumba ya Bukavu imejaa vifaa. Wazazi wengi wanamfukuza mtoto jikoni ili akakae na kaye, daftari lake. Tunawaomba wafanye kinyume.

Mwite achambue maharagi pamoja nawe. Kila kijiwe anachokiokota kwa kidole gumba na cha shahada ni zoezi la mshiko uleule atakaoshikia kreyo. Akishazoea, mpe mchezo mgumu zaidi: aokote haragi moja, alifiche kiganjani kwa vidole viwili vya mwisho, aokote la pili bila kuangusha la kwanza, mpaka afike matano. Halafu ayatoe moja moja kuyaleta kwenye ncha za vidole. Vidole viwili vinatulia, vitatu vinafanya kazi: ndivyo mkono unavyogawana kazi mtu anapoandika. Mtoto anayeshindwa mchezo huu bado hajafika kwenye herufi, na hilo limekwambia zaidi kuliko ukurasa mzima wa kaye. Ila kaa naye karibu, hasa akiwa mdogo, maana haragi linaingia puani au sikioni kwa sekunde moja.

Kumenya karanga zenye maganda kunatia nguvu kidole gumba. Kuchuma majani ya sombe (kisamvu) kutoka kwenye vijiti vyake kunazoeza mikono miwili kufanya kazi tofauti kwa wakati mmoja: mmoja unashika, mwingine unavuta. Hiyo ndiyo kazi ya kuandika pia, kwani mkono wa pili lazima ushike karatasi. Kufungua na kufunga kizibo cha bidoni, kukamua soksi zilizolowa, kubana nguo kwenye kamba kwa vibanio, kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe asubuhi hata kama mnachelewa. Mwachie. Muda huo haupotei.

Halafu kuna udongo. Mji wetu umekaa juu ya mfinyanzi unaotusumbua kila mvua inaponyesha, lakini kwa vidole vya mtoto hakuna kitu bora. Chukua udongo mahali safi, mbali na mfereji na choo, utoe vijiwe, uulainishe kwa maji. Mtoto aviringishe nyoka mrefu mwembamba. Nyoka huyo akinyooka ni l, akijikunja ni c, akikutana na mkia wake ni o. Ameijua herufi kwa mikono kabla ya kuishika kreyo. Akimaliza, anawe mikono kwa sabuni, bila kusamehewa.

Kwa mikasi, subiri karibu na miaka minne, na uanze na kuchana karatasi kwa vidole. Kuchana gazeti la zamani vipande vidogo ni kazi nzito kuliko inavyoonekana.

Kreyo inashikwaje? Wangu anaishika kwa ngumi.

Ana umri gani? Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anashika kwa ngumi, na ni sawa. Karibu na miaka miwili au mitatu anageuza mkono, vidole vinaelekea chini, mkono wote unaenda pamoja. Karibu na miaka mitatu na nusu au minne anaanza kutumia vidole vitatu, lakini vikiwa vimekakamaa. Mwendo wenyewe wa vidole, ule mdogo na mwepesi, unakuja kati ya miaka minne na nusu na sita. Kwa hiyo ngumi ya miaka miwili haitutishi. Ngumi ya miaka mitano inatuambia turudi kwenye maharagi.

Mshiko tunaoutafuta ni huu: kreyo inabanwa kati ya kidole gumba na cha shahada, inalala juu ya cha kati, na vile viwili vya mwisho vinajikunja kiganjani. Kuna watoto wanaotumia vidole vinne na wanaandika vizuri bila kuumwa. Waache. Mshiko mbaya ni ule unaochosha mkono, unaoficha herufi zisionekane, au unaozuia vidole kujongea.

Ili kusaidia, mpe kreyo fupi. Hili tunalirudia kwa kila mzazi: kipande cha kreyo chenye urefu wa kidole, au kichaki kilichovunjika, hakina nafasi ya kushikwa kwa ngumi, kwa hiyo vidole vinajipanga vyenyewe. Msitupe vipande. Mtoto akizidi kufungua vidole viwili vya mwisho, mpe kitambaa kidogo au haragi akishikilie navyo anapoandika.

Biki, kreyo au ardwazi?

Ardwazi, yaani kibao cha kuandikia, na chaki kwanza. Chaki inakwaruza, na mkwaruzo huo unamwambia mkono uko wapi. Kosa linafutwa bila kuacha alama, mtoto haogopi, na darasa lenye watoto wengi linaweza kufanya kazi bila kaye. Baadaye kreyo yenye risasi laini. Biki, kalamu ya wino, mwisho: inateleza, inataka kukandamizwa, na haifutiki.

Tuanze na herufi gani?

Msianze na A kwa sababu tu ndiyo ya kwanza katika wimbo. Wimbo wa alfabeti ni mzuri kwa sikio, uimbwe kila siku. Mkono una mpangilio mwingine, unaofuata mwendo.

Kabla ya herufi yoyote kuna mistari: ya kusimama kutoka juu kwenda chini, ya kulala kutoka kushoto kwenda kulia, mawimbi, madaraja, vizingo kama vya moshi. Tukiona hiyo inatoka bila kukaza meno, tunaingia kwenye kundi la mistari iliyonyooka: l, i, t, na u ambayo ni mstari unaozama na kupanda tena.

Kundi la pili ndilo zito, na hapo tunakaa wiki nyingi: c, o, a, d, g. Zote zinaanzia juu kidogo upande wa kulia, zinarudi kushoto, zinazunguka. Mtoto aliyeijua c vizuri ana a na d mkononi, bado kufunga tu na kuongeza mguu. Lakini watoto wengi wakiachwa peke yao wanachora o kwa kuzungukia upande mwingine, au wakianzia chini. Kwa macho o ni ileile. Shida inajitokeza baadaye, a inapogoma kuungana na herufi inayofuata, na mtoto anaonekana mvivu wakati mkono wake umefundishwa njia isiyoelekea popote. Kwa hiyo kaa ubavuni mwake, tazama kreyo inaanzia wapi. Herufi iliyokwisha kuandikwa haikuonyeshi ilivyoandikwa.

Kisha zinakuja zile zinazoshuka na kuruka juu: r, n, m, h, b, p. Mishazari inabaki mwisho, k, v, w, z, y, pamoja na s ambayo inageuka mara mbili na kuwachanganya karibu wote.

Kuna kundi moja linaloruhusiwa kuvunja mpangilio huu, nalo ni herufi za jina la mtoto. Mtoto anayetaka kuandika jina lake ana hamu ambayo hatuwezi kuinunua. Kama jina linaanza na K, mwonyeshe K. Itakuwa imepinda, na ni yake.

Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo Roma mwaka 1907, alikuwa anawapa watoto herufi zilizokatwa kwenye karatasi ya msasa wazipapase kwa vidole kabla ya kuandika. Sisi tunafanya hivyo kwa katoni. Chora herufi kubwa kama kiganja, ipake gundi ya uji mzito wa unga wa muhogo, nyunyiza mchanga laini, acha ikauke. Mtoto anaifuata kwa kidole, akitamka sauti yake, macho yakiwa wazi na kisha yakiwa yamefumbwa.

Kwa Kiswahili au kwa Kifaransa? Herufi za kuachana au za kuunganisha?

Mwendo wa mkono ni uleule katika lugha zote mbili, kwa hiyo usigombane na shule kwa ajili ya hilo. Sauti ndizo zinazotofautiana. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti moja tu popote ilipo, lakini e na u za Kifaransa zinasomwa kwa namna nyingine. Mtoto anayeongea Kiswahili au Mashi nyumbani anaelewa haraka kwamba alama ni sauti akianza na mama, moto, meza. Q na x hazihitajiki katika maneno ya Kiswahili. Atakutana nazo katika Kifaransa, wakati mkono umezoea mishazari. Sheria ya elimu ya nchi yetu ya mwaka 2014 inazitambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, kama lugha za kufundishia, kwa hiyo hakuna aibu yoyote kumfundisha mwanao kwa lugha ya nyumbani.

Kuhusu mwandiko, shule nyingi hapa zinadai wa kuunganisha mapema. Katika mwaka wa tatu wa matenele fuateni mwandiko wa shule atakayoenda, ili asijifunze mara mbili. Kwa mdogo zaidi, herufi za kuachana zinatosha.

Karatasi zenye herufi za nukta nukta zinasaidia?

Kidogo, na kwa muda mfupi. Mtoto anayefuata nukta anaweza kuwa anafuata nukta tu, bila kuiona herufi. Na akianzia mahali pabaya, karatasi haimkatazi. Ukizitumia, tia alama pa kuanzia, mfuatishe mara mbili tatu, kisha aiandike pembeni kwa kuitazama, kisha aiandike baada ya wewe kuifunika. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayofundisha.

Na simu? Kuna programu za kuandika herufi kwa kidole.

Karin James na Laura Engelhardt, watafiti wa Marekani, walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa watoto wa miaka mitano ambao walikuwa bado hawajui kusoma. Wengine walijifunza herufi kwa kuziandika wenyewe, wengine kwa kufuatisha, wengine kwa kubonyeza kitufe. Walipopigwa picha za ubongo wakitazama herufi hizo, sehemu zinazotumika kusomea ziliamka kwa zile walizokuwa wameziandika kwa mkono wao bila kufuatisha. Herufi iliyopinda, iliyotoka kwa shida kwenye kichwa cha mtoto, inamfanyia kazi kubwa kuliko ile nzuri aliyoigusa kwenye kioo. Simu itumike kwa wimbo. Kidole kinachoteleza kwenye kioo hakibani kitu.

Anaandika kwa mkono wa kushoto. Babu yake anasema tumzuie.

Mwacheni. Tunalisema kwa heshima zote kwa babu, na tumelisema mara nyingi mbele ya wazee. Takriban mtu mmoja kati ya kumi duniani anatumia kushoto. Mtoto hakukuchagua, na hakumaanishi dharau. Tunajua kwamba kwetu mtu hapewi kitu kwa kushoto wala hasalimiwi nao. Hiyo ni adabu, na mtoto anaweza kuifuata: salamu na chakula kwa mkono wa kulia, kreyo kwa kushoto. Tumeona familia nyingi zikikubaliana hivyo na babu akaridhika. Kumfunga mkono au kumpiga kunamfundisha kuogopa kaye, basi.

Ila ana mahitaji yake. Kaye yake ilazwe kidogo upande wake wa kushoto, sehemu ya juu ikielekea kulia, na mkono ukae chini ya mstari ili asifute alichoandika. Darasani aketi mwisho wa benchi upande wa kushoto, asigongane viwiko na jirani. Kama ana miaka mitatu na anabadilisha mikono, usiamue wewe. Weka kreyo katikati mbele yake, atachukua mwenyewe.

Anageuza b na d, na anaandika 3 kinyume.

Kawaida kabisa mpaka karibu na miaka saba. Kikombe kikigeuzwa kinabaki kikombe, na mpaka sasa mtoto amejifunza hivyo kwa vitu vyote. Herufi ndizo za kwanza kumkatalia. Usifundishe b na d wiki moja.

Kwa muda gani kila siku?

Dakika tano kwa miaka mitatu na minne, kumi hadi kumi na tano kwa miaka mitano. Mchana, mwanga ukiwepo, kwa sababu jioni umeme unaweza kukatika na mtoto amechoka. Miguu iguse kitu, hata bidoni lililolazwa, na meza ifike kwenye viwiko. Akianza kutikisa mkono au kukandamiza mpaka karatasi inatoboka, mmemaliza kwa leo.

Mwalimu wake anatoa kurasa nzima za kuiga, na anapiga akikosea.

Nenda ukaongee naye, kwa upole, ukiwa na kaye mkononi. Mwonyeshe mstari wa kwanza na wa mwisho wa ukurasa. Karibu kila mara wa kwanza ni mzuri na wa mwisho umeharibika, na mwalimu mwenye macho ataona kwamba mistari ishirini imemfundisha mtoto kuandika vibaya. Omba herufi nne nzuri, na mtoto mwenyewe aizungushie iliyo bora. Kuhusu fimbo, usikubali. Mkono unaoogopa unakaza, na mkono uliokaza hauandiki. Kama hupati jibu, fika kwa mkuu wa shule.

Mimi sikusoma. Nitamsaidia vipi?

Mama, wewe unasuka nywele, unafunga kitenge, unatengeneza sambaza, samaki wale wadogo, moja moja. Vidole vyako vinajua yale ambayo vyake vinatafuta. Mwonyeshe polepole, mwachie ajaribu, mpe kamba afunge fundo. Kwa upande wa herufi, mkubwa wake aliye shuleni aandike moja kwenye ardwazi, nanyi wawili mjifunze pamoja. Watoto wanafurahi sana mama akiuliza, “Hii inaanzia wapi?”

Lini nitafute msaada?

Kama mtoto anatumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, huku mwingine ukiwa umelegea au umekunjwa. Kama vitu alivyoweza kufanya kwa vidole sasa hawezi tena. Kama ana miaka mitano na hawezi kuiga mduara wala msalaba, anaangusha kijiko, anashindwa vifungo, au mikono inatetemeka. Kama anasogeza uso karibu sana na karatasi, anza na macho: huenda haoni.

Mpeleke kwanza kituo cha afya cha mtaa, waeleze tangu alipozaliwa, wakupe barua ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya mwili, yule tunayemwita kine. Hapa Bukavu kituo cha Heri Kwetu kinapokea watoto wenye ulemavu. Unapokwenda, beba kaye yake ya zamani na ya sasa, kipande cha kreyo anachokizoea, na orodha ya mambo anayoyaweza, ili mtaalamu aanzie hapo.